Muziki Ulioitwa Jazi: Maneno, Kanda na Zilipendwa za Dar es Salaam

Mwaka 1932 ilianzishwa mjini Dar es Salaam bendi iliyojiita Dar es Salaam Jazz Band. Jina likapendeza, likaenea. Morogoro wakawa na Morogoro Jazz, Tabora wakawa na Tabora Jazz, Tanga wakawa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Dar es Salaam penyewe zikafuata Kilwa Jazz na Western Jazz, na baada ya Uhuru zikaja NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo cha Ubungo, na Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mtu aliyezoea jazi ya New Orleans au ya New York akizisikiliza bendi hizi ataanza kwa kujiuliza: jazi yenyewe iko wapi? Atasikia rumba. Atasikia magitaa yanayosukana kama ukili, tumba, tarumbeta na saksofoni zinazoitikia, na juu ya yote hayo sauti ya mtu anayesimulia jambo kwa Kiswahili.

Swali hilo lina jibu la kihistoria, nami nitalitoa. Lakini lina faida nyingine, nayo ni kutufanya tujiulize tunapenda nini hasa katika nyimbo hizi. Wapenzi wa jazi ya Marekani wamejenga desturi ya kuuenzi wimbo wa zamani kwa kuzijua rekodi zake: nani alirekodi, mwaka gani, wapi, akiwa na nani, na alibadilisha nini. Makala haya yanaitazama desturi hiyo, kisha yanarudi nayo Kariakoo, Kinondoni na Temeke kuona ni lipi linalotufaa. Dai langu ni moja. Wimbo wa jazi wa Marekani huweza kuishi hata maneno yake yakiachwa kabisa. Wimbo wa jazi wa Dar es Salaam unaishi kwa maneno yake, na maneno hayo ni ushairi ambao sisi wapenzi wa lugha tumeuachia kanda za redio zitutunzie.

Jina na kilichobebwa na jina

Kabla ya dansi kulikuwa na beni. Neno lenyewe ni la Kiingereza lililovaa kanzu, yaani bendi, na vyama vyake vikuu viwili, Marini na Arinoti, vilienea kutoka pwani hadi bara vikishindana kwa gwaride, mavazi na nyimbo. Beni ilipozeeka, vijana wa mjini waliosoma na wenye kazi za mishahara walitaka kitu kingine. Walitaka kucheza wawili wawili, ndani ya ukumbi, kwa suti na gauni, kwa ala za nyuzi na za kupuliza. Hiyo ndiyo iliyoitwa dansi, ikatengwa na ngoma, na tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa pia tofauti ya vyeo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 zilianza kuuzwa Afrika santuri za nyimbo za Kuba, zikijulikana kwa herufi za mfululizo wake, GV, zilizotolewa na kampuni ya His Master's Voice kuanzia 1933. Santuri hizi ziliingia Kongo, zikaingia na kwetu. Salum Abdallah wa Morogoro alizipenda mno: bendi yake ya mwanzo iliitwa La Paloma, na baadaye ikawa Cuban Marimba. Majina hayo mawili yanatosha kuonyesha masikio yalielekezwa wapi.

Kwa nini basi "jazi"? Kwa sababu neno lilikwisha kufika kabla ya muziki wenyewe, na lilipofika lilimaanisha usasa. Wakongo walifanya vivyo hivyo: Joseph Kabasele aliiita bendi yake African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaanzishwa OK Jazz, ambayo Franco aliifanya mashuhuri, na zote mbili zilipiga rumba. Nchini Kenya wakawepo Shirati Jazz na Victoria Jazz, ambao ni mabingwa wa benga. Katika Afrika ya Mashariki na Kati, jazi haikuwa aina ya muziki. Ilikuwa aina ya chama: kundi la wanamuziki wenye magitaa na ala za kupuliza, wanaovaa sare, wanaopigia watu wa mjini dansi.

Wapenda lugha wengine huvutwa kulihusisha neno hili na "jazba". Tuwe macho. Jazba ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mvuto, mpandisho wa hisia, hata ule wa mtu aliyezama katika dhikiri. Jazi ni la Marekani. Maneno haya mawili yamekutana kwa bahati tu, ingawa aliyewahi kuona ukumbi mzima ukinyanyuka pale gitaa la solo linapochukua nafasi atakubali kwamba bahati hiyo haikukosea sana.

Wimbo usiohitaji maneno

Jazi ya Marekani ina hazina ya nyimbo ambazo kila mpigaji anatakiwa azijue. Tuziite nyimbo za msingi. Nyingi hazikutungwa na wanajazi. Zilitoka kwenye maigizo ya jukwaani na filamu, zikatungiwa maneno ya mapenzi na wataalamu wa kazi hiyo, kisha wanajazi wakazichukua na kuzifanya zao.

Mfano unaotajwa siku zote ni "Body and Soul", wimbo wa mwaka 1930 wenye muziki wa Johnny Green. Mwezi Oktoba 1939 mpiga saksofoni Coleman Hawkins aliurekodi mjini New York. Aliugusa wimbo wenyewe mwanzoni kidogo tu, kisha akauacha, akajenga juu ya mpangilio wake wa sauti jambo jipya kabisa. Hakuna neno hata moja linaloimbwa. Rekodi hiyo ikapendwa na umma, na kwa wapigaji ikawa somo. Miaka 21 baadaye, Oktoba 1960, John Coltrane aliuchukua "My Favorite Things", wimbo mwepesi wa igizo la jukwaani la mwaka 1959, akaupiga kwa saksofoni ya soprano kwa zaidi ya dakika kumi na tatu. Maneno ya wimbo ule yalikuwa orodha ya vitu vidogo vya kumfurahisha mtu. Katika rekodi ya Coltrane hayapo, na hakuna anayeyadai.

Huo ndio msingi wa kuthamini nyimbo hizi kule. Wimbo ni kama bahari moja ya ushairi, tuseme utenzi au tathlitha, ambayo kila malenga huingia na kusema lake. Msikilizaji mjuzi anaziweka rekodi kumi za wimbo mmoja ubavuni pa ubavu, anasikiliza tofauti.

Upo wimbo unaopinga kanuni hiyo, na washairi wanapaswa kuujua. "Strange Fruit" ulianza kama shairi la Abel Meeropol, mwalimu wa New York, lililochapishwa mwaka 1937 katika jarida la chama cha walimu. Linahusu watu weusi walionyongwa mitini kusini mwa Marekani. Billie Holiday aliurekodi Aprili 1939, miezi michache tu kabla ya Hawkins kurekodi ule wake. Huu ni wimbo ambao ukiyaondoa maneno umeuondoa wimbo. Mwaka 1965 Nina Simone aliurekodi upya, na alichobadilisha ni uzito wa kila neno. Nautaja kwa sababu wimbo huu, ambao kwa Marekani ni wa pekee, kwa Dar es Salaam ungekuwa wa kawaida.

Malaika, na swali la mtunzi

Afrika Mashariki tunao wimbo mmoja uliopata kuwa wa msingi kwa maana ile ya Marekani, yaani wimbo unaochukuliwa na kila mtu. Nao ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi kwa lebo ya Equator mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka katika albamu yao ya pamoja. Boney M wakaurekodi 1981, Angélique Kidjo akaurekodi 1991. Kila mmoja aliuimba kwa namna yake, na kila mmoja aliuimba kwa Kiswahili, hata yule ambaye Kiswahili hakukijua.

Hapo tayari tunaona tofauti. Dunia iliubadilisha muziki wa "Malaika" mara nyingi, lakini haikuyaacha maneno. Shairi lile dogo la mtu mnyonge asiye na mahari limevuka bahari likiwa katika lugha yake lenyewe.

Na bado mtunzi wake anabishaniwa. Fadhili William alidai ni wake. Adamu Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi, alidai aliutunga tangu miaka ya 1940. Makala haya hayawezi kuamua kesi hiyo. Yanaweza tu kusema jinsi kesi za namna hii zinavyozaliwa: wimbo ukipita mdomo hadi mdomo bila kuandikwa, anayewahi kwenye kinasa sauti ndiye anayebaki na jina. Tuliache hilo hapo kwa sasa, tutalirudia.

Ukumbi, mwajiri na mtindo

Turudi Dar es Salaam. Kuanzia miaka ya 1960 bendi nyingi kubwa hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA bendi nayo ikabadili jina; kilipokuja kuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz; na leo ni Msondo Ngoma. Jeshi, polisi na viwanda vilikuwa na bendi zao. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 ikiwa mali ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwajiri alinunua vyombo na kulipa mishahara; mwanamuziki alileta sauti, vidole na tungo.

Kumbi zilifuata makazi. Mji ulipotanuka kutoka Kariakoo na Ilala kwenda Magomeni, Kinondoni, Sinza, Chang'ombe na Temeke, dansi nalo lilihama na wapangaji. DDC walikuwa na kumbi Kariakoo na Magomeni Kondoa, vijana wa chama walikuwa na ukumbi wao Kinondoni, na Chang'ombe kulikuwa na klabu ya kiwanda cha sigara. Mtu wa mtaa hakuhitaji kwenda mjini kusikiliza muziki. Muziki ulikuwa nyuma ya nyumba yake, na ukipigwa usiku wa Jumamosi aliyekosa kiingilio aliusikia akiwa kitandani.

Kilichozitenganisha bendi hizi ni mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic walikuwa na Kiweka, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Jamhuri walikuwa na Toyota, Maquis wakaja na Kamanyola, Vijana Jazz wakaja na Pambamoto. Mtindo lilikuwa jina, uchezaji, mdundo na bendera ya mashabiki kwa pamoja. Mengine yalichotwa moja kwa moja kutoka ngoma za jadi. Msondo ni ngoma, na Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi ambayo mji huu umejengwa juu yake. Mashabiki waliiita Sikinde "ngoma ya ukae", na "ukae" kwa Kizaramo ni nyumbani. Hivyo dansi, lililoanza kwa kujitenga na ngoma, baada ya miaka arobaini na kitu lilijivunia kuitwa ngoma.

Katika utaratibu huo haikuwa desturi kwa bendi kuupiga wimbo wa bendi pinzani. Wanamuziki walihama mno: Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bichuka waliimba Msondo, wakaimba Sikinde, na Gurumo mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Alipohama mwimbaji, sauti ilihama, wimbo ukabaki. Wimbo ulifungwa na bendi, bendi na mtindo, na mtindo na ukumbi. Mfano wa wazi wa bendi iliyoundwa ili kuzipiga nyimbo za zamani za kila mtu ni Shikamoo Jazz ya miaka ya 1990, iliyowakusanya wazee waliokuwa wamestaafu au kusahauliwa. Jina lao ni shairi la maneno mawili: salamu ya heshima imewekwa pamoja na neno la ujana wao.

Redio ilivyokuwa kitabu

Kama wimbo haukurithishwa kwa kupigwa na wengine, ulirithishwaje? Kwa rekodi, na hasa rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na wengi walikwenda. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa bendi za Dar es Salaam studio ya RTD, iliyokuwa Barabara ya Pugu ambayo sasa inaitwa Nyerere, ndiyo ikawa njia ya kumfikia msikilizaji. Na kwa kuwa redio binafsi hazikuwapo hadi miaka ya 1990, aliyesikika RTD alisikika nchi nzima.

Kurekodi kule kulikuwa kwa pamoja: waimbaji, magitaa, tumba na wapulizaji katika chumba kimoja, kwa pumzi moja. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kwa hiyo bendi ilifika imeiva. Mlimani Park walikuwa na Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz yenyewe, mpangaji wa muziki ambaye aliwapa wapulizaji sentensi zao kama mhariri anavyoweka alama za uandishi. Msikilizaji wa leo akiusikia "Neema", wimbo wa Cosmas Chidumule, anasikia nidhamu hiyo. Tarumbeta haziingii juu ya maneno, zinangoja mwimbaji amalize fikra yake ndipo ziitikie.

Ni vyema kulinganisha rekodi za redio na santuri za Nairobi. Nyimbo hizi kwa kawaida zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, taratibu, ubeti kwa ubeti. Ya pili ni chemko: mdundo unaharakishwa, solo linapaa, maneno yanabaki machache ya kuitikiana. Santuri ndogo ya wakati ule haikubeba zaidi ya dakika chache kila upande. Hivyo wimbo mrefu ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Mwenye gramafoni alilazimika kunyanyuka, kugeuza sahani, na kuushusha tena mkono wa sindano. Kanda ya redio haikuwa na mkato huo. Anayesikiliza kanda anaisikia ile hatua ambapo masimulizi yanageuka kuwa ngoma, na hatua hiyo ndiyo roho ya utungaji huu. Kwa mtu wa ushairi tofauti hii ni kubwa: ni sawa na kulisoma shairi lenye kituo chake na kulisoma lililochanwa kabla ya kituo.

Mbaraka Mwinshehe ni mfano wa upande ule mwingine. Alipokuwa na Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na miaka yake ya mwisho aliifanyia kazi Kenya. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. "Shida", wimbo wake kuhusu dhiki za mwanadamu, ulienea kote wakati watu wakimlilia mwimbaji wake. Kampuni ya Nairobi ilizikusanya rekodi zake katika mfululizo wa albamu zilizoitwa Ukumbusho. Jina hilo linastahili kutajwa, kwa maana kampuni ya biashara ndiyo iliyofanya kazi ambayo kwa malenga wa vitabu hufanywa na mhariri wa diwani.

Ushairi nje ya mabishano

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichowafunza wengi vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, na mabishano juu ya mashairi huru yakapamba moto. Je, utungo usio na vina ni shairi? Wazee wa arudhi walisema hapana, vijana wa chuo kikuu walisema ndiyo. Mabishano hayo tunayakumbuka na kuyafundisha.

Wakati huo huo, kilomita chache kutoka Mlimani, watunzi wa dansi walikuwa wakitunga kila mwezi tungo zisizofuata vina wala mizani, na nchi nzima ilizijua kwa moyo. Marijani Rajab aliimba "Georgina" akiwa na Safari Trippers, kisha "Zuwena" akiwa na Dar International. Hakuna aliyemuuliza mizani yake. Taarabu ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ilifuata arudhi, na Siti akapata hata wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Waimbaji wa dansi hawakufuata arudhi, wala hawakupata Shaaban Robert wao.

Lakini tungo zao zina kanuni, na anayesikiliza kwa sikio la ushairi atazigundua. Kanuni ya kwanza ni mwito. Wimbo humwita mtu kwa jina na kuzungumza naye: Georgina, Zuwena, Neema. Jina linarudi pale ambapo shairi la arudhi lingeweka kina, na kazi yake ni ile ile, kumpa msikilizaji mahali pa kutua. Kanuni ya pili ni usimulizi wa nafsi ya kwanza. Anayeimba si msimulizi wa mbali. Ni mume, mpenzi, rafiki au kijana aliyekwama mjini, na anajieleza mbele ya watu kama mtu aliye barazani kwa wazee. Kanuni ya tatu ni fumbo. Bendi zilipogombana, zilisemana kwa mafumbo, na hadhira ilijua mshale umeelekea wapi. Hapo dansi halikuwa mbali na malumbano ya kale ya washairi wa pwani, ambao nao walijibizana kwa mafumbo mbele ya mji mzima.

Naongeza ya nne: lugha. Kiswahili cha nyimbo hizi si cha Kiunguja wala cha mtaani kabisa. Ni Kiswahili cha watu waliotoka kila mkoa, na wengine Kongo, wakakutana katika vyumba vya kupanga vya Kinondoni na Temeke na kulazimika kuelewana. Ni sanifu vya kutosha kupita redioni, na ni chepesi vya kutosha kupita ukumbini. Anayetaka kujua Kiswahili cha bara kilivyokomaa katika nusu ya pili ya karne ya 20 hana budi kukisikiliza hapa.

Remmy Ongala ndiye ushahidi wangu wa mwisho. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam, akaongoza Orchestra Super Matimila, na akaishi Sinza, iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijapata manispaa yake. Kituo cha daladala cha jirani kikachukua jina lake, na mpaka leo kondakta huita "Sinza kwa Remmy". Mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa na Real World ya Uingereza. Ndani yake mna wimbo ambao jina lake ni swali, "Muziki Asili Yake Wapi". Rekodi ya Uingereza ni safi, kila ala imepewa nafasi yake. Lakini aliyetunga ni yule yule wa Sinza, na wasiojua Kiswahili waliocheza kwa muziki wake walipata nusu ya wimbo. Nusu ya pili, ile iliyomfanya mnyonge wa Tandale amwite "Dokta", ilikuwa katika maneno.

Zilipendwa au zilizopendwa?

Nyimbo hizi Tanzania tunaziita zilipendwa. Wakenya husema zilizopendwa. Tofauti ya silabi hiyo moja ina maana. "Zilizopendwa" ni kirejeshi: inangoja nomino, nyimbo zilizopendwa. "Zilipendwa" ni sentensi nzima iliyogeuzwa kuwa jina. Inasema jambo na kulifunga: zilipendwa, basi. Kiambishi -li- kimezipeleka nyimbo katika wakati uliopita, hali watu wanazipenda sasa hivi, harusini, kwenye daladala na redioni Jumapili.

Hatari yake ni kwamba jina hili hutufanya tuzisikilize kwa masikitiko matamu tu, kama mtu anayetazama picha ya ujana wake. Hatumuulizi nani alitunga. Hatutofautishi rekodi ya redio na ile ya santuri. Maneno tunayanukuu kwa kukisia, na yanapowekwa mtandaoni na mtu asiyejua Kizaramo, au asiyelijua fumbo lililokuwa likisemwa mwaka ule, kosa lake ndilo linalonakiliwa. Hapa ndipo kesi ya "Malaika" inaporudi. Hemedi Maneti wa Vijana Jazz alifariki 1990, Marijani 1995, Patrick Balisidya wa Afro 70 mwaka 2004, Remmy 2010, Gurumo 2014. Kila anapoondoka mmoja, hupungua wa kuulizwa: hapa ulisema nini, na ulimkusudia nani? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaweza kumlinda mtunzi anayejulikana. Haiwezi kumrudisha aliyekwisha kusahauliwa.

Kwa mpenzi wa jazi wa Marekani, kuijua rekodi ni starehe ya msikilizaji. Kwetu ni zaidi ya hapo, kwa sababu kanda ndiyo mswada wetu pekee. Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona zilitufikia kwa sababu kulikuwa na waandishi walioketi na kuzinakili, neno kwa neno, wakiandika na jina la aliyesema. Tungo za Kariakoo, Kinondoni na Temeke nazo zinangoja kunakiliwa hivyo: maneno yote, jina la mtunzi tofauti na la mwimbaji, jina la bendi kama lilivyokuwa siku ile, na maelezo ya mafumbo kutoka kwa waliocheza ukumbini. Wengi wao bado wapo. Wanakaa Tandika, Mwananyamala na Magomeni, na wanapousikia wimbo redioni huanza kuuimba kabla mwimbaji hajafungua kinywa.